Kabla hujasajili, hesabu dakika: namna ya kusuka upya kikosi cha timu yako

Mechi ya mwisho ya msimu pale Jamhuri, upepo wa Dodoma ulikuwa unatupiga vumbi usoni, kina mama tumejifunika mitandio, vijana wamevuta kofia hadi puani. Filimbi ilipolia, kaka mmoja aliyekaa ngazi ya chini yangu akasimama, akageukia jukwaa lote la mzunguko, akapaza sauti: "Watemwe wote! Tuanze upya!" Watu wakampigia makofi. Nikamgusa bega nikamuuliza, "Mdogo wangu, katika hao wote, nani amecheza zaidi ya nusu ya msimu?" Hakujua. Nikawauliza waliompigia makofi, nao hawakujua.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote aliye kwenye kamati ya usajili ya timu yenye uwezo wa kati. Sizungumzii Simba wala Yanga wenye mifuko mirefu. Nazungumzia timu ya mkoani inayopambana ibaki Ligi Kuu, inayolala njiani kwenye basi, na ambayo ikikosea usajili mmoja mkubwa pengo lake linaonekana msimu mzima.

Mimi ni shabiki wa Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, na nilikuwa uwanjani kabla hata hawajapanda Ligi Kuu mwaka 2020. Baba yangu ndiye aliyeanza kunipeleka Jamhuri nikiwa darasa la tatu. Leo nina duka la steshenari Makole, na kwa misimu mitatu nilikuwa mhazini wa timu moja ya daraja la chini hapa mkoani. Walinichagua kwa sababu nina mashine ya kutoa kopi. Kumbe aliye na mashine ya kopi ndiye anayeona kila mkataba, kila leseni na kila barua ya madai. Jina la timu ile nitalihifadhi, lakini makosa tuliyoyafanya nitayasema, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha.

Nunua kaunta buku

Ndiyo, kaunta buku ya kawaida, kwaya mbili. Usianze na orodha ya wachezaji unaowataka. Anza na ulionao.

Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Mechi 30 mara dakika 90 ni dakika 2,700. Zidisha kwa wachezaji 11, unapata dakika 29,700. Hizo ndizo dakika timu yako ilizonazo za kugawa kwa msimu, ukiacha za nyongeza. Kazi yako ya kwanza ni kujua zilikwenda kwa nani.

Kila mchezaji mpe mstari wake. Andika jina, nafasi aliyocheza hasa (si ile aliyosajiliwa nayo), umri, mguu anaotumia, dakika, mabao na pasi za mabao, kadi, mechi alizokosa kwa majeraha, na safu ya mwisho kabisa, tarehe mkataba wake unapoisha. Ukikosa safu ya mwisho, zilizotangulia hazitakusaidia. Nimeona kamati ikijadili saa mbili kuhusu kumbakiza mchezaji ambaye mkataba wake ulishaisha na alishasaini kwingine.

Halafu kaa na kalamu tatu. Aliyevuka dakika 1,800, yaani theluthi mbili ya msimu, mpigie mstari wa bluu. Kati ya 900 na 1,800, mstari wa kijani. Chini ya 900, nyekundu. Sasa shika ukurasa mbali kidogo na macho uutazame kama picha.

Ukiona bluu saba au nane na bado mlimaliza nafasi mbaya, basi una tatizo la ubora. Waliocheza walikaa pamoja muda wa kutosha, uwezo wao ndio umeishia hapo. Ukiona bluu tatu tu na kijani limejaa ukurasa mzima, hilo ni tatizo jingine kabisa: timu haikuwahi kukaa. Hujui bado kama wachezaji wako ni wabaya, maana hujawahi kuwaona wakicheza pamoja mechi tano mfululizo. Timu mbili zinaweza kumaliza zikiwa na pointi zilezile na zikahitaji dawa mbili tofauti. Mtu anayesema "watemwe wote" anatoa dawa moja kwa magonjwa yote.

Nyekundu nayo isomwe kwa makini. Kuna kijana ana dakika 300 kwa sababu hana uwezo. Kuna mwingine ana 300 kwa sababu alikaa nyuma ya nahodha ambaye hakuumia hata siku moja. Kuna wa tatu ana 300 kwa sababu ya goti. Hao watatu usiwaweke kapu moja.

Na kuna hesabu moja ninayoipenda kuliko zote, wala haihitaji kompyuta. Hesabu jozi za mabeki wa kati. Kila mechi andika nani na nani walianza pale katikati. Kwenye ile timu yangu, msimu wetu mbaya kuliko yote, nilihesabu jozi saba. Jozi saba kwenye msimu wa mechi chache kuliko Ligi Kuu! Mabao mengi tuliyofungwa yalikuwa ya mtindo uleule: krosi inaingia, mabeki wawili wanatazamana, straika wa wenzetu anapiga kichwa akiwa peke yake. Kila wiki tulimlaumu kipa.

Kilichotupata tulipofagia wote

Baada ya msimu ule, kamati ikaamua kufagia. Tukawapa mkono wa kwaheri wachezaji 14 kwa wiki moja, tukasajili 16. Mimi nilisaini hundi, kwa hiyo na mimi nilikuwemo.

Nakumbuka mazoezi ya kwanza, uwanja wa shule, saa kumi jioni. Kipa mpya anataka kumwonya beki wake kuna mtu nyuma, anapiga kelele, "Wewe! Wewe! Mrefu!" Hajui jina lake. Mabeki warefu walikuwa wawili, wote wakageuka, mpira ukapita katikati yao. Mwalimu akacheka, na sisi tukacheka. Ligi ilipoanza likatokea jambo lilelile na hakuna aliyecheka. Mechi sita za mwanzo tulipata sare mbili na vipigo vinne, na tulipokuja kukaa sawa ilikuwa tumeshachelewa.

Kati ya wale 14 tuliowaacha kulikuwa na kiungo mwenye miaka 33. Kwenye kaunta buku alikuwa na dakika zisizofika 900, tukasema amezeeka. Hatukujua, mpaka alipoondoka, kwamba yeye ndiye aliyekuwa anawapanga vijana kwenye kona. Alikuwa anasimama hata pembeni ya mstari akiwa benchi, anaonyesha kwa kidole: wewe nguzo ya kwanza ya goli, wewe shika namba tisa, wewe baki juu. Kazi hiyo haina safu kwenye daftari. Tangu siku hiyo nimeongeza safu moja, nimeiandika "anasema nini uwanjani", na huwa naijaza kwa kuwauliza wachezaji wenyewe, mmoja mmoja: ukiwa kwenye matatizo uwanjani unamsikiliza nani? Jina likitajwa na watu wanne, huyo simwachi hata kama amebakiza dakika 20 za miguu.

Kanuni yangu ni hii. Katika dirisha kubwa moja la usajili, timu kama yetu isibadili zaidi ya wachezaji wanane, na kwenye kumi na moja wanaoanza wabaki angalau sita wanaojuana. Ukihitaji kubadili zaidi ya hapo, gawanya kazi kwa misimu miwili. Najua viongozi hawapewi misimu miwili. Basi waambieni mashabiki mapema, na hesabu muwaonyeshe. Tunaelewa tukielezwa.

Wakubwa wenyewe ndivyo walivyofanya walipofanya vizuri. Yanga ya mwaka 2021 watu wanaikumbuka kwa walioingia: Djigui Diarra golini, Djuma Shaban na Yannick Bangala, Khalid Aucho, Fiston Mayele mbele. Wanasahau waliokuwepo tayari: Bakari Mwamnyeto, Dickson Job, Kibwana Shomari, Feisal Salum. Na mwalimu Nasreddine Nabi alikuwa ameshafika tangu Aprili, kwa hiyo usajili ulifanyika mwenye kupika akiwa jikoni. Msimu uliofuata walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Simba nao mwaka 2024, baada ya kumaliza nafasi ya tatu, waliingiza damu changa nyingi, Moussa Camara, Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala na wengine, lakini Mohamed Hussein na Shomari Kapombe waliendelea kushika pembeni zao kama walivyozizoea miaka yote. Msimu huohuo wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mimi ni wa Dodoma, siwashabikii, ila kazi nzuri naiona.

Pesa ianzie uti wa mgongo

Ukishajua nani anabaki, ndipo unauliza nani anakosekana. Pesa yako ni kidogo, kwa hiyo iende kwa mpangilio: kipa, beki wa kati, namba sita (kiungo mkabaji), straika. Mstari huo ukiwa imara, pembeni unaweza kuvumilia vijana. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuanza na winga mwenye chenga, kwa sababu chenga zinaonekana jukwaani na zinashangiliwa. Namba sita akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona.

Halafu itazame nchi unayochezea. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ni kavu kuanzia Mei mpaka Novemba, na miezi ligi inapoanza upepo unaugeuza mpira mrefu ukaanguka usikotaka. Mimi ningetafuta kipa anayejua kusambaza mpira kwa mkono na mabeki wasioogopa kuanza chini, maana nyumbani tunacheza nusu ya mechi zetu. Ukinunua kipa wa kupiga mpira mrefu, upepo wa Agosti utakurudishia mpira wako.

Na nusu ya pili ni safari. Kumi na tano ugenini, nyingine Mbeya, nyingine kusini kabisa. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi, likitoka Ruangwa kucheza na Namungo. Siku ile nilifunga duka, nikakaa na redio mpaka usiku. Tangu hapo siwezi kuongelea usajili bila kuongelea safari. Bajeti ya kikosi iwe na usiku mmoja wa kulala njiani kwa safari ndefu, na iwe na mbadala wa kweli kwa mabeki wa pembeni na mawinga, kwa sababu hao ndio wanaokimbia zaidi na ndio miguu yao inavimba kwenye kiti cha basi. Ya Dar es Salaam siku hizi tuna treni ya SGR, imetupunguzia mateso. Nyingine bado ni barabara.

Nenda ukamwone kwa macho yako

Hapa ndipo naomba unisikilize zaidi.

Tulisajili straika kwa video ya simu. Dakika tatu, mabao tisa, muziki umewekwa juu. Alipofika tukamlipa nusu ya fedha ya usajili siku hiyohiyo, kabla hajapimwa. Wiki ya pili goti likajaa maji. Lilikuwa goti la zamani, limeshafanyiwa mambo huko nyuma, na hakuna aliyemuuliza. Yule kijana alilia mbele yangu dukani, akaniambia, "Mama, ningesema msingenichukua." Alisema kweli. Kumpima ilikuwa kazi yetu. Kwa hiyo vipimo kwanza, magoti na moyo, halafu kalamu, halafu pesa. Mpangilio huo usivunjwe hata kama timu nyingine inapiga hodi.

Video ikuonyeshe pa kwenda tu. Baada ya hapo panda gari. Siku moja niliambiwa kuna beki wa kushoto njia ya Mpwapwa, anacheza ligi ya wilaya. Tulikwenda na mwalimu, tukafika mechi imeshaanza, tukakaa chini ya mkuyu upande wa golini kusudi tusijulikane. Uwanja ulikuwa mwekundu, mistari imechorwa kwa majivu. Kijana alivaa soksi mbili tofauti, na kinga za ugoko alikata boksi la katoni, nililiona linachungulia kila alipokimbia.

Dakika ishirini za mwanzo hakufanya jambo la ajabu hata moja. Mwalimu akaninong'oneza, "Mtazame kichwa." Nikatazama kichwa. Kila kabla ya mpira kumfikia alikuwa anageuza shingo mara mbili, bega la kulia, bega la kushoto. Mpira ukifika ameshajua pa kuupeleka. Baadaye akapoteza mpira, kosa lake kabisa. Hakuinua mikono kumlaumu mwenzake. Alikimbia mita arobaini kurudi, akauweka mguu, ikawa kona. Kipindi cha mapumziko maji yalikuwa ndoo moja na kikombe kimoja, na yeye alikunywa wa mwisho.

Mwalimu aliandika mistari mitatu tu kwenye karatasi yake: anatazama kabla, anarudi, mguu wa kushoto wa kuzaliwa nao. Mimi niliandika nyumba anayokaa. Mechi ilipoisha tulikwenda kwa mama anayewapikia wachezaji ugali na mlenda, nikamuuliza kuhusu yule kijana kama mzazi anavyomuuliza mzazi mwenzake. Je, analala mapema? Akikopa analipa? Akifungwa mechi anakuwaje? Majibu ya mama yule yalikuwa na thamani kuliko video kumi. Mtazame mchezaji angalau mara tatu: nyumbani kwake, ugenini, na siku timu yake inapofungwa. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokwambia zaidi.

Vipaji viko wapi? Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ndiyo soko la bei yetu, wamezoea viwanja vigumu na hawaji na mbwembwe. Mashindano ya Umisseta yana watoto wa sekondari ambao hakuna anayewaandika. Hapa mjini vyuo vimejaa vijana kutoka kila mkoa, wengine walicheza kwao vizuri wakaacha kwa sababu ya masomo. Kondoa, Kongwa, Chamwino, Bahi, kote huko kuna mpira kila jioni. Timu ya Dodoma ikishindwa kuwa na watoto wawili au watatu wa mkoa huu kwenye kikosi, mimi naona imekosa jambo la msingi, maana mtoto wa hapa anabaki hata mshahara ukichelewa wiki moja, na jukwaa linamwimba kwa jina la kijiji chake.

Kuhusu wageni nitasema kidogo. Kanuni zinaruhusu klabu kusajili hadi 12. Timu yetu haihitaji hao wote. Chukua watatu, wawe kwenye ule uti wa mgongo, na wawe bora waziwazi kuliko mzawa unayeweza kumpata kwa nusu ya pesa. Kama si bora waziwazi, nafasi mpe mzawa.

Mikataba, sehemu iliyonizeesha

Tandaza mikataba yote mezani, ipange kwa tarehe ya kuisha. Kama theluthi mbili inaisha mwezi Juni wa mwaka mmoja, una msiba unakuja, hata kama leo mnashinda. Mnataka theluthi iishe mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka unaofuata. Hivyo kila dirisha unakuwa na kazi ya kiasi. FIFA inaruhusu mkataba hadi miaka mitano, na kwa mchezaji chini ya miaka 18 hadi mitatu. Kijana mzuri mpe mitatu. Mzee wa miaka 32 mpe mmoja, na mkutane Januari mzungumze kiungwana.

Kwa nini Januari? Kwa sababu mchezaji akibakiza miezi sita au pungufu, yuko huru kusaini na timu nyingine kwa ajili ya msimu unaofuata, nawe hupati hata senti. Nguzo zako, wale wa mstari wa bluu, usiwaache wafike hapo. Zungumza nao wakiwa wamebakiza mwaka mzima.

Mshahara utangulie fedha ya usajili. Hesabu mishahara ya miezi 12, si kumi, kwa sababu mchezaji anakula Juni na Julai kama wewe. Kanuni za FIFA zinasema usipomlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, akakuandikia notisi ya siku 15 na bado hujalipa, ana haki ya kuvunja mkataba na kuondoka. Sisi tulipoteza watatu kwa njia hiyo, akiwemo kipa namba moja. Barua zao zilichapwa dukani kwangu. Walikuja wenyewe, wakanisalimia "shikamoo mama," wakaniomba niwachapie, kwa sababu hawakujua pa kwenda kwingine. Nikawachapia. Ilikuwa haki yao.

Jambo jingine ambalo timu ndogo zinalitupa: weka karatasi za watoto. Kila kijana aliyepita kwenye timu yako tangu miaka 12, tunza fomu yake ya usajili na tarehe. Akija kuuzwa nje ya nchi kwa pesa, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Bila karatasi hamna cha kudai. Faili moja na panya mmoja wanaweza kuwanyima uwanja mpya wa mazoezi, kwa hiyo piga picha kila ukurasa.

Na usisubiri usiku wa mwisho wa dirisha. Nimekaa na mashine yangu hadi saa sita usiku nikisubiri nakala ya pasipoti ya mchezaji mmoja, intaneti inakatika, mtu wa kuingiza majina kwenye mfumo anapiga simu kila dakika tano. Kwa mchezaji anayetoka nje ya nchi kuna hati ya uhamisho wa kimataifa, na hiyo haitoki kwa sababu wewe una haraka. Funga kazi siku saba kabla.

Waage vizuri

Kuna mchezaji wetu aliyesikia kwa redio kwamba ameachwa. Alikuwa kwao, ameenda kumsaidia mama yake shambani. Wiki iliyofuata mama yule alikuja mjini, akanikuta dukani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu amewakosea nini?" Nilikosa jibu, kwa sababu hakuwa amekosa kitu.

Kwa hiyo kabla jina halijatangazwa popote, mwite kijana, akae kwenye kiti, aambiwe na mwalimu na kiongozi mmoja. Apewe barua. Alipwe anachodai, au apewe tarehe iliyoandikwa. Mpigie simu mwalimu wa timu nyingine umwombee nafasi. Wachezaji wanaongea, nchi hii ni moja, na kipa unayemtaka mwakani atampigia simu yule uliyemwacha leo amuulize, "Pale pakoje?"

Dirisha dogo

Katika mpango wote ulioupanga, acha kama asilimia 15 ya pesa ya usajili bila kuigusa. Dirisha dogo linakuja katikati ya msimu, kwa kawaida kati ya Desemba na Januari, na hapo kaunta buku inafunguliwa tena. Kumbuka anayemaliza nafasi ya 15 na 16 anashuka moja kwa moja, na wa 13 na 14 wanaingia kwenye mchujo, kwa hiyo hesabu ya Desemba si ya kucheza. Wakati huo nunua wachezaji wawili tu, wa nafasi ambazo majeraha yamezitoboa. Usinunue kwa hasira ya kipigo cha Jumamosi.

Tazama tena rangi. Wale wapya wanane, wangapi wanaelekea bluu? Ambaye hajafika dakika 400 mpaka hapo, kaa naye umuulize kwanza kabla ya kumpeleka kwa mkopo. Mara nyingine tatizo ni chumba anacholala.

Yule beki wa njia ya Mpwapwa tulimsajili. Miezi minne ya kwanza aliingia mara nne tu, akitokea benchi, jumla dakika 61. Kamati ikataka apelekwe kwa mkopo. Nikawafungulia safu ya mwisho kabisa, ile ya "anasema nini uwanjani". Wachezaji watatu walikuwa wamelitaja jina lake, naye ana miaka 19. Tukamwacha abaki. Mechi iliyofuata beki wa mbele yake alikosekana kwa sababu ya kadi ya tatu ya njano, kijana akaanza. Jioni ile nilirudi dukani, nikawasha taa, nikaandika 90 kwenye mstari wake.